Wiki Moja Dubai kwa Mara ya Kwanza, Bila Kukimbizana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila jamaa yangu anapopata viza ya Dubai, simu yangu hulia. Maswali ni yale yale, nami nimechoka kuyajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo nimeyaweka hapa. Sikuyapanga kwa umuhimu. Nimeyafuata kama yanavyokuja.

Wiki nzima si nyingi? Nasikia Dubai inaisha kwa siku tatu.

Inaisha kwa anayekwenda kupiga picha. Siku tatu zinatosha kupanda mnara, kuzungushwa jangwani na kurudi na mabegi. Shida ni kwamba mji wenyewe ni mrefu na mwembamba. Umelala kando ya bahari kama kamba, kuanzia mitaa ya zamani ya Deira hadi bandari ya Jebel Ali. Ukiamka Deira, mchana ukawa Marina, jioni ukataka kuwa Burj Khalifa, nusu ya siku imekwisha ukiwa barabarani unatazama vioo vya maghorofa.

Mwenye wiki anaweza kuchukua eneo moja kwa siku moja, akatoka asubuhi, akarudi chumbani jua likiwa utosini, akatoka tena baada ya alasiri. Hiyo ndiyo siri yangu yote, na mengine utakayosoma hapa yanatokana nayo.

Niende mwezi gani?

Novemba hadi Machi. Miezi hiyo mchana ni wa kupendeza na usiku utahitaji sweta, hasa jangwani. Aprili na Oktoba inavumilika. Kuanzia Juni hadi Septemba joto linapita nyuzi 40, na kwa kuwa bahari iko hapo hapo, hewa inakuwa nzito na nguo zinakushika mwilini. Mara yangu ya kwanza nilikwenda Agosti kwa sababu hoteli zilikuwa za bei ya kutupa. Nilijua sababu ya bei hiyo nilipofungua mlango wa uwanja wa ndege. Bahari nayo haipoozi. Ni kama maji ya kuogea yaliyotengwa jikoni.

Isitoshe, wakati wa joto baadhi ya vivutio vya nje hufungwa kabisa. Bustani ya maua ya Miracle Garden na maonyesho ya Global Village ni vya majira ya baridi tu.

Mvua usiihofie sana, ila usiseme haipo. Tarehe 16 Aprili 2024 ilinyesha mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu za nchi hiyo zianze kuwekwa mwaka 1949, barabara zikawa mito na safari za ndege zikavurugika. Bima ya safari si anasa.

Nikifika wakati wa Ramadhani itakuwaje?

Mimi naupenda mwezi huo pale. Mchana ni mtulivu, usiku mji unaamka. Asiyefunga asile, asinywe wala kuvuta sigara hadharani mchana; mikahawa mingi siku hizi hufungua, basi aingie ndani ale. Saa za kazi za maduka na makumbusho hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kwenda.

Kuna jambo moja la kuchekesha kidogo: jengo la Burj Khalifa ni refu mno kiasi kwamba walio juu huliona jua baada ya walio chini kuacha kuliona. Mwaka 2011 mufti wa Dubai alitoa fatwa kuwa wakazi wa juu ya ghorofa ya 80 wachelewe kufuturu kwa dakika mbili, na walio juu ya ghorofa ya 150 dakika tatu.

Viza naipataje?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza kabla ya kupanda ndege. Njia salama ni kupitia shirika la ndege unalosafiri nalo, hoteli, au wakala anayejulikana. Viza za utalii za kawaida ni za siku 30 au 60. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Ukizidisha muda, faini ni dirham 50 kwa kila siku, na kaunta ya uhamiaji si mahali pa kujadiliana.

Na kwa kuwa hili huulizwa kwa kunong'ona: viza ya utalii si ya kazi. Anayekuambia "nenda na ya utalii, kazi utaipata huko huko" anakuuzia matatizo.

Nikae mtaa gani?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huchagua hoteli kwa picha ya bwawa la kuogelea. Chagua kwa kituo cha metro kwanza.

Deira na Bur Dubai ndio mji wa zamani. Hoteli ni nafuu, chakula ni cha kila taifa na ni cha bei ya chini, masoko yako mlangoni. Kelele zipo, na usiku taa za matangazo zitakuingilia dirishani. Kwa mgeni wa mara ya kwanza anayependa kutembea na kutazama watu, nampeleka Bur Dubai bila kufikiri mara mbili.

Downtown, chini ya Burj Khalifa, ni pazuri na ni ghali. Ukikaa hapo utalipia mandhari ambayo ungeweza kuitazama bure kila jioni na kurudi kulala kwingine.

Marina na JBR, mtaa wa ufukweni ulio jirani yake, panamfaa anayetaka ufukwe kila asubuhi. Kumbuka tu kwamba kutoka huko hadi masokoni ni safari, si hatua mbili.

Al Barsha ni katikati ya kamba, karibu na metro, hoteli za bei ya wastani. Hapana mvuto wowote, lakini kila upande unafikika. Wenye watoto wengi huishia hapo na hawajuti.

Palm Jumeirah, kile kisiwa cha umbo la mtende? Nenda ukakione. Kwa kulala, utategemea teksi kila siku.

Bei uliyoiona mtandaoni huenda isiwe na ada ya utalii, ambayo ni kati ya dirham 7 na 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja la hoteli. Hulipwa pale pale hotelini, na wengi huishtukia wakati wa kuondoka.

Usafiri ukoje? Nikodi gari?

Usikodi. Barabara ya Sheikh Zayed ina njia nyingi kila upande, na ukikosa kutoka mahali pako utapelekwa mbali kabla ya kupata pa kugeukia. Likizo ya nini hiyo?

Metro ilianza tarehe 9 Septemba 2009, haina dereva, na ni safi kuliko nyumba zetu nyingi. Mstari mwekundu unafuata urefu wa mji. Wa kijani unazunguka Deira na Bur Dubai. Inakutana Union na BurJuman. Nunua kadi ya Nol ya fedha kituoni: dirham 25, na 19 kati ya hizo ni salio lako la kusafiria. Nauli ni dirham 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili, 7.50 ukizidi hapo. Kadi hiyo hiyo hutumika kwenye mabasi na tramu.

Mambo ya kujua kabla hujapigwa faini: hakuna kula wala kunywa ndani, hata maji, hata bazoka. Mchoro wa rangi ya waridi sakafuni maana yake ni behewa la wanawake na watoto. Mwanamume akiingia kwa bahati mbaya atatozwa kwa uhakika. Lipo pia behewa la daraja la dhahabu ambalo halifunguki kwa kadi ya fedha. Jumapili treni huchelewa kuanza, saa mbili asubuhi, wakati siku nyingine huanza saa kumi na moja alfajiri.

Ukishukia Terminali 1 au 3, metro ipo hapo hapo. Terminali 2, ambako hushukia ndege nyingi za flydubai, haina. Chukua teksi ya rangi ya maziwa yenye mita. Zenye paa la waridi huendeshwa na wanawake, kwa ajili ya wanawake na familia.

Onyo la miguu: kwenye ramani vitu vinaonekana vimekaribiana. Kituo cha Burj Khalifa kimeunganishwa na Dubai Mall kwa njia ya juu yenye kiyoyozi ya zaidi ya mita 800, na ukishaingia dukani ndipo kutembea kwenyewe kunaanza. Viatu vipya viache nyumbani. Na usivuke barabara popote upendapo kama ulivyozoea. Faini ya kawaida ni dirham 400, na kwenye barabara za mwendo wa kasi adhabu ni kubwa zaidi.

Mji wa kale una nini cha kunipotezea siku nzima?

Kama ungenipa swali moja tu la kujibu, ningechagua hili.

Anza na jina la mahali. Waarabu huuita mkono ule wa bahari *khor*. Sisi tunao huo huo: hori. Hori la Dubai ndilo lililozaa mji. Kabla ya mafuta, watu waliishi kwa kupiga mbizi za lulu, biashara iliyoporomoka miaka ya 1930 baada ya Wajapani kuanza kuzalisha lulu kwa kufuga chaza na uchumi wa dunia kuanguka. Hori lilikuwa likijaa mchanga, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum alilichimbisha kwa pesa za mkopo ili vyombo vikubwa viingie. Mafuta yaligunduliwa baadaye, mwaka 1966. Bandari ilitangulia utajiri.

Asubuhi anzia Al Fahidi, upande wa Bur Dubai. Ni vichochoro vyembamba na nyumba zenye minara ya upepo. Wafanyabiashara kutoka Bastak, Uajemi, ndio waliojenga mtaa huu, ndiyo maana wazee huuita Bastakiya. Mnara wa upepo uko wazi pande nne. Unadaka upepo wowote upitao na kuuteremsha chumbani. Simama chini yake ukaone. Sehemu kubwa ya mtaa ilibomolewa miaka ya 1980; iliyobaki ilinusurika mwishoni mwa miaka hiyo.

Sasa ingia kwenye nyumba mojawapo na uinue macho. Boriti zile nyembamba nyeusi zilizoshika dari ni mikoko, na mikoko hiyo ilitoka kwetu: Lamu, delta ya Rufiji. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu, yakapandisha na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Kwa kuwa mkoko haupatikani mrefu ulionyooka kupita kiasi, vyumba vya nyumba za kale za Ghuba vikawa vyembamba vile vile, kama vya Lamu na Mji Mkongwe. Mara ya kwanza nilipoelezwa hilo nilikaa barazani kwa muda, nikitazama juu kama mjinga. Watalii wengine walidhani ninatafuta kamera ya ulinzi.

Kisha vuka hori kwa *abra*, mashua ya mbao isiyo na kuta. Nauli ni dirham 1 na unalipa mkononi, kwa hiyo weka sarafu. Jina lake ni ndugu wa neno letu kuabiri, na aliyemo ni abiria. Safari ni ya dakika chache tu, na katika mji wote hakuna starehe ya bei hiyo.

Upande wa Deira utapokewa na soko la viungo, halafu soko la dhahabu. Wauzaji watakushika mkono wakikuonyesha zafarani; tabasamu, endelea. Ukitembea kando ya gati utaona majahazi yanapakiwa friji, matairi na magodoro. Hiyo si maonyesho ya watalii, watu wapo kazini.

Al Seef, karibu na Al Fahidi, panapendeza jioni, ila ujue ni papya palipochakazwa makusudi. Kwa historia yenyewe nenda makumbusho ya Al Shindagha, kwenye mdomo wa hori.

Burj Khalifa nipande au niitazame tu?

Mita 828, jengo refu kuliko yote duniani tangu lifunguliwe tarehe 4 Januari 2010. Ukitaka kupanda, ghorofa za 124 na 125 zinatosha. Ghorofa ya 148 ni bei nyingine kabisa kwa mawingu yale yale. Nunua tiketi mtandaoni mapema. Saa za machweo ndizo ghali zaidi.

Mimi ningependelea Dubai Frame, ile fremu kubwa ya picha ya mita 150 katika bustani ya Zabeel. Upande mmoja unaona Deira ya kale, upande wa pili minara. Juu ya Burj Khalifa kuna upungufu mmoja ambao watu hawaufikirii: Burj Khalifa yenyewe huioni.

Makumbusho ya Future, yale ya umbo la pete yenye maandishi ya Kiarabu kuzunguka mwili wake, yalifunguliwa Februari 2022. Nje ni bora kuliko ndani, kwa macho yangu.

Na jangwa?

Safari za jioni huchukua watu hotelini kama saa tisa alasiri. Gari hupandishwa na kuteremshwa matuta ya mchanga kwa kasi, halafu ngamia, chakula, ngoma. Mjamzito, mwenye mgongo mbovu, au aliyekula mchana akashiba, asipande matuta. Mwambie dereva mapema. Zipo safari za kwenda taratibu.

Kwa wiki ya utulivu ningelipa zaidi kidogo niende hifadhi ya jangwa ya Dubai, kilomita za mraba 225, ambako kampuni zinazoruhusiwa kuingia ni chache. Huko utamwona choroa wa Arabuni, mweupe mwenye pembe ndefu, mnyama aliyekwisha kabisa porini miaka ya 1970 kisha akarudishwa kwa kuzalishwa.

Asiyetaka kulipa anayo maziwa ya Al Qudra, yaliyochimbwa na watu katikati ya mchanga, na ndege wamehamia. Teksi ya kurudi ipange kabla. Na Ras Al Khor, mwisho wa hori ndani ya mji, heroe hujaa wakati wa baridi. Kuna vibanda vya kuwachungulia, bure.

Nipe basi mpangilio wa siku saba.

Siku ya kwanza usifanye kitu. Fika, oga, lala. Jioni tembea karibu na hoteli, kunywa chai.

Ya pili, Al Fahidi asubuhi, kuvuka hori, masoko, kurudi kulala, na jioni gati.

Ya tatu, ufukwe. Kite Beach ni wa wazi na wa bure, una mabafu. Nenda mapema. Jioni Dubai Mall, chemchemi zinazocheza muziki, na mnara ukitaka.

Ya nne acha tupu hadi alasiri, halafu jangwa.

Ya tano, Abu Dhabi. Basi la E100 linatoka Al Ghubaiba, E101 linatoka Ibn Battuta, dirham 25 kwa kadi ya Nol, karibu saa mbili njiani. Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed hauna kiingilio, lakini jiandikishe mtandaoni kwanza. Wanawake wajistiri mwili na nywele, wanaume suruali ndefu. Ukipata nguvu ya ziada, ipo Louvre Abu Dhabi, ambayo hufungwa Jumatatu. Ukikosa nguvu, msikiti peke yake ni siku kamili.

Ya sita, Marina au Palm, kulingana na miguu yako. Ya saba ni ya kununua ulivyosahau.

Ijumaa usiipange kwa shughuli za adhuhuri. Ni wakati wa swala na maduka mengi madogo hufungwa. Wikendi rasmi tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, hivyo vivutio hujaa siku hizo.

Pesa nibebe ngapi, na za aina gani?

Dirham imefungwa kwa dola tangu mwaka 1997: dola 1 ni dirham 3.6725. Kwa hiyo dola 100 ni kama dirham 367, na anayekupa pungufu sana anakula sehemu yako. Beba dola, badilisha kidogo uwanjani, nyingine mjini. Kadi hupokelewa karibu kila mahali isipokuwa kwenye abra na vibanda vya chai.

Kiasi gani? Aliyekaa Bur Dubai, akala kafeteria na kupanda metro, hutumia sehemu ndogo tu ya anachotumia wa Downtown. Weka bajeti ya kitu kimoja kikubwa, mnara au jangwa, na siku zilizobaki uishi kama mwenyeji.

Tutakula nini? Sipendi vyakula vigeni.

Vigeni? Agiza *luqaimat* uone. Ni kaimati, jina na umbo, ila humwagiwa asali ya tende. *Harees* ni boko boko. *Machboos* ni binamu wa pilau. Halua ya Kiomani unaijua tangu harusi ya shangazi yako.

Kila siku, hata hivyo, utakula cha Wahindi, Wapakistani na Wairani, kwa sababu ndicho kinacholiwa na wanaoufanyia kazi mji huo. Mtaa wa Satwa na Deira ndio wa kulia. Chai yao ya maziwa na iliki, *karak*, ni ya dirham chache, nayo hunywewa ukiwa umesimama nje ya kafeteria. Maji ya bomba ni ya bahari yaliyotolewa chumvi na ni salama, ingawa wengi hununua ya chupa.

Pombe ni kwa wenye miaka 21 na zaidi, katika hoteli na mahali penye leseni. Kulewa njiani ni kosa. Sharjah, emireti ya jirani, hairuhusu pombe kabisa.

Mavazi na sheria zinanitisha.

Zisikutishe. Mabega na magoti yafunikwe kwenye masoko, maduka na ofisi. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Usimpige picha mwanamke usiyemjua, wala majengo ya serikali. Matusi ni kosa hata kwenye ujumbe wa simu, kwa hiyo ugomvi wa kikundi cha ukoo uache hadi urudi.

Simu je? WhatsApp inafanya kazi?

Ujumbe na sauti za kurekodi, ndiyo. Kupiga simu ya WhatsApp, ya sauti au ya video, imezuiwa. Mwambie mama mapema, asije akadhani umetekwa. Laini ya watalii inapatikana uwanjani kwa pasipoti. Chaja yako itaingia ukutani bila adapta. Soketi ni zile zile za pini tatu bapa. Saa isogeze mbele kwa saa moja ukitoka Afrika Mashariki.

Nambari za dharura: polisi 999, gari la wagonjwa 998, zimamoto 997.

Kuna kitu nisibebe kabisa?

Miraa. Narudia, miraa, hata kijiti kimoja kilichosahaulika mfukoni. Huko ni dawa ya kulevya kisheria, na kusema "kwetu ni zao la biashara" hakutakusaidia. Kagua mifuko ya koti uliloazima.

Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadol zinahitaji kibali cha mamlaka za huko kabla ya safari, hata ukiwa na cheti cha daktari. Nyingine zibebe kwenye pakiti zake na barua ya daktari. Na usimbebee mtu mzigo ambao hukuufunga mwenyewe, awe binamu, awe nani.

Kiswahili kitanisaidia?

Zaidi ya unavyodhani. Deira wapo wafanyabiashara wa Kiafrika wasiokosa Kiswahili, na mara nyingine mzee wa kanzu mwenye asili ya Unguja au Oman atakujibu kwa Kiswahili kisafi kuliko chako. Kwingine Kiingereza kinatosha.

Dhahabu ni rahisi kweli?

Bei ya gramu hutangazwa kila siku na haina mjadala. Unachopatana ni gharama ya usonara, na hapo ushuke bila haya, nusu ukiweza. Uliza karati (22 huwa na muhuri wa 916), pimiwa mbele yako, chukua risiti yenye uzito na karati. Kisha kumbuka kuna ushuru wa forodha unakusubiri nyumbani.

Nasafiri na wazee na watoto. Nipunguze nini?

Abu Dhabi kwa basi, labda. Kodi gari lenye dereva. Mwombee mzee kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege wakati wa kukata tiketi, maana hatua ni nyingi. Ndani, viyoyozi ni vikali: shali kwa kila mtu.

Siku ya mwisho ndege yangu ni ya usiku wa manane. Nifanyeje?

Ondoka chumbani kwa wakati, acha mabegi mapokezi. Hoteli nyingi huyatunza bila malipo. Nenda ukavuke hori mara moja zaidi.

Kama ulinunua vitu vya dirham 250 au zaidi kwenye duka lililo katika mpango wa kurudishia watalii VAT, ambayo ni asilimia 5, na ukaomba risiti ya mpango huo ukiwa na pasipoti, utarudishiwa sehemu kubwa ya kodi uwanjani. Kaunta hiyo iendee kabla hujakabidhi mizigo, kwa sababu wanaweza kutaka kuviona vitu vyenyewe. Mimi nilikabidhi begi kwanza. Lilipotelea kwenye mkanda huku nikiwa nimeshika risiti zangu, na yule kijana wa kaunta aliniuliza kwa upole, "Mzigo uko wapi?"